Waya wa zamani, fyuzi za kauri: kukagua na kubadili umeme wa nyumba kongwe Mtwara na Lindi

Fyuzi ikiungua kila siku, lawama zote huiangukia fyuzi. Jirani atasema toa hayo makauri, weka breka. Fundi atakuja na boksi jipya, atahamishia humo nyaya zilezile, na jioni ukuta utakuwa unang'aa. Kipya kinyemi. Ndani ya ukuta, hata hivyo, waya ni uleule wa miaka hamsini au sitini iliyopita, na erthi (waya wa usalama unaoshuka ardhini) huenda haijawahi kuwepo. Kazi ya kuusalimisha umeme wa nyumba kongwe huanzia ardhini, hupita kwenye waya, na boksi huja mwisho. Anayeanzia kwenye boksi ameficha ugonjwa tu, maana ameiondoa fyuzi iliyokuwa ikimwonya.

Tuweke mipaka kwanza. Mwenye nyumba anaweza kukagua kwa macho, kubadili waya wa fyuzi, na kubonyeza kitufe cha majaribio cha RCCB, kifaa kinachokata umeme unaovuja, ambacho tutakieleza mbele. Kazi nyingine zilizo humu zinahitaji fundi mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji), na una haki ya kuomba kuiona kabla hajafungua begi lake. Mita ya LUKU na sili zake ni mali ya TANESCO, hivyo asiziguse mtu mwingine. Kumbuka pia kwamba ukizima meni swichi (swichi kuu ya nyumba), nyaya zinazotoka kwenye mita kuja kwenye meni swichi bado zina umeme kamili wa volti 230. Kama nyumba ina sola yenye inveta, au jenereta, nayo izimwe, la sivyo umeme utakurudia kwa mlango wa nyuma.

Kuitambua nyumba yako ni ya zama zipi

Mtwara ilipanuka ghafla bandari ilipojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950. Nyumba za wakati huo, pamoja na zile za wafanyabiashara za Lindi mjini na Mikindani zilizotiwa umeme baadaye, zilifungwa kwa desturi ya Kiingereza. Alama zake zinaonekana bila kufungua kitu:

Soketi za matundu matatu ya duara (za ampea 5 au 15). Swichi nyeusi za mviringo zilizokaa juu ya kigogo cha mbao. Nyaya zilizopigwa juu ya ubao mwembamba ukutani kwa vibanio vya bati. Mabomba ya chuma ya kupitishia nyaya, yenye rangi nyeusi. Bodi ya fyuzi yenye vishikio vya kauri nyeupe, wakati mwingine ndani ya boksi la chuma lenye mkono wa kuvuta pembeni.

Ukiona hayo, uwezekano ni mkubwa kwamba ndani kuna waya wa mpira uliofunikwa kwa kitambaa. Mpira huo hukauka kwa joto na miaka hadi ukawa kama kaukau. Ukiupinda, unapasuka na kumwaga vipande. Ukiwa umelala bila kuguswa unaweza kuendelea kufanya kazi, lakini siku fundi anapouvuta ili abadili swichi moja tu, anauvunja sentimita kumi ndani ya ukuta asikokuona. Kwa hiyo nyumba ya waya wa mpira haibadilishwi kipande kipande. Usiiguse mpaka uwe na fedha ya kutoa saketi nzima, kuanzia bodi hadi taa ya mwisho.

Waya wa plastiki uliokuja baadaye ni mgumu zaidi kufa. Waya wa miaka ya 1960 na 1970 wa shaba ambao haukuwahi kuzidiwa mzigo unaweza kupimwa, ukafaulu, ukabaki. Angalia tu kwenye soketi na holda za taa: ukikuta ute wa kijani unaonata umetiririka kutoka kwenye plastiki, huo ni mafuta ya plastiki yaliyotoka na kuichukua rangi ya shaba. Usiushike kwa mikono mitupu, na waya huo uweke kwenye orodha ya kubadilishwa.

Ukubwa wa waya wa zamani ulipimwa kwa inchi. Ukikuta nyuzi tatu nyembamba ndani ya waya mmoja, kwa kawaida ni ule ulioitwa 3/.029, sawa na takriban 1.3 mm²: wa taa tu. Nyuzi saba nyembamba za unene uleule, 7/.029, ni kama 2.9 mm²: wa soketi. Makosa tunayoyakuta sana ni soketi ya jikoni kuungwa kwenye waya wa taa kwa sababu ulikuwa karibu. Hesabu nyuzi kwanza.

Rangi zinazoweza kuua

Kwa mfumo wa zamani, waya mwekundu ni laivu (unaoleta umeme), mweusi ni nyutro (unaourudisha), wa kijani (au ulio uchi) ni erthi. Kwa mfumo mpya, kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, na kijani chenye mistari ya njano ni erthi. Hadi hapo hakuna tabu. Tabu iko kwenye nyumba zenye fezi tatu (laivu tatu badala ya moja), hasa maduka ya Lindi yenye makazi juu, na nyumba zenye karakana. Zamani fezi tatu zilikuwa nyekundu, njano na bluu, na nyutro nyeusi. Leo fezi ni kahawia, nyeusi na kijivu, na nyutro ni bluu. Maana yake bluu ya zamani ni laivu, na bluu ya leo ni nyutro; nyeusi ya zamani ni nyutro, na nyeusi ya leo ni laivu. Nyumba iliyoongezewa chumba juzi inaweza kuwa na mifumo yote miwili ndani ya boksi moja. Usiamini rangi. Pima, kisha funga kipande cha tepu ya rangi sahihi kwenye kila ncha, na ubandike karatasi kwenye bodi inayosema kwamba ndani kuna rangi za aina mbili.

Na kupima kwenyewe kuna namna yake. Testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo hudanganya: ukisimama juu ya kiti cha mbao au umevaa ndala kavu, inaweza isiwake ingawa waya una umeme. Tumia mita ya kupimia umeme (multimita), ukiiweka kwenye umeme wa AC, na ufuate hatua tatu. Pima kwanza mahali unapojua pana umeme, ili ujue mita ni nzima. Pima waya unaotaka kuushika. Rudi upime tena pale pa kwanza. Hatua ya tatu wengi huiruka, nayo ndiyo inayogundua kwamba betri ya mita ilikata katikati ya kazi.

Fyuzi ya waya: inavyofanya kazi na inavyoharibiwa

Fyuzi ni kipande dhaifu kilichowekwa makusudi. Umeme ukizidi, kitu fulani lazima kiungue, nasi tumechagua kiungue kile kilicho ndani ya kauri, mbele ya macho yetu, badala ya waya uliojificha juu ya dari. Ukiimarisha kile kipande, udhaifu hauondoki, unahamia mahali pengine, na hujui ni wapi.

Vishikio vya fyuzi za Kiingereza vina alama za rangi, na kila kimoja kina waya wake wa shaba iliyopakwa bati:

Ampea 5, nyeupe: waya wa milimita 0.20. Saketi ya taa.
Ampea 15, bluu: milimita 0.50. Soketi moja ya duara, au hita ndogo ya maji.
Ampea 20, njano: milimita 0.60.
Ampea 30, nyekundu: milimita 0.85. Soketi za mzunguko, au jiko dogo.
Ampea 45, kijani: milimita 1.25. Jiko kubwa la umeme.

Zipo pia kadi zenye waya wa ampea 10, milimita 0.35. Ikiwa dukani hakuna waya wa fyuzi ulioandikwa ampea, usinunue waya wowote unaofanana nao.

Sasa linganisha na kinachofanyika mitaani. Uzi mmoja uliotolewa kwenye waya wa kawaida wa 2.5 mm² wenye nyuzi saba una unene wa milimita 0.67. Ukiuweka kwenye kishikio cheupe cha taa, umegeuza fyuzi ya ampea 5 kuwa ya zaidi ya ampea 20. Ukizikunja nyuzi mbili pamoja, mpira au plastiki ya waya wa taa wa 1.3 mm² itakuwa imekwisha kuungua kabla fyuzi haijapata habari. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ni mbaya zaidi, kwa sababu hakuna anayejua itayeyuka kwa ampea ngapi.

Hata ukiweka waya sahihi, fyuzi ya namna hii ni nzito kuamka. Huungua kwa takriban mara mbili ya namba iliyoandikwa. Ile ya ampea 30 inaweza kubeba ampea 50 kwa muda mrefu bila kukatika. Ndiyo sababu waya uliolindwa na fyuzi ya waya hupaswa kupigiwa hesabu kwa asilimia 72.5 tu ya uwezo wake ukilinganisha na uliolindwa na breka. Hiyo ni sababu ya kweli ya kuhamia kwenye breka, si urembo wa boksi.

Kubadili waya wa fyuzi kunafanyika hivi:

1. Chomoa vifaa vyote vya saketi hiyo, kisha zima meni swichi. Hakikisha kwa taa au mita kwamba umeme umekatika kweli.

2. Vuta vishikio kimoja kimoja hadi upate kilichoungua. Kitazame kabla ya kukisafisha, maana kinasema. Waya ulioyeyuka katikati, kauri ikabaki safi, ni mzigo uliozidi: pasi, birika na hita vimewashwa pamoja. Waya uliotoweka kabisa, kauri ikatapakaa masizi na matone ya shaba, ni shoti: waya mbili zimegusana au kifaa kimepasuka ndani. Kwa shoti, usibadili fyuzi mpaka umepata chanzo.

3. Legeza skrubu zote mbili, toa mabaki, futa masizi kwa kitambaa kikavu. Ukikuta ndani ya kishikio kipande cheupe kama kitambaa kigumu, usikikwangue wala kukipuliza. Baadhi ya vishikio vya zamani vilikuwa na asbesto, na vumbi lake likivutwa huharibu mapafu. Funga kishikio kwenye mfuko na utafute kingine.

4. Pitisha waya kwenye tundu la kauri, uzungushe kwenye skrubu kwa mwelekeo wa kukaza, yaani kulia. Uache umelegea kidogo. Waya uliovutwa hadi ukalia hukatika wenyewe ukipata moto na kupoa. Na usikaze skrubu hadi ikaubana waya ukawa bapa, kwani pale ulipobanwa huwa mwembamba na fyuzi itaungua ovyo.

5. Rudisha kishikio, washa meni swichi vifaa vyote vikiwa vimechomolewa, kisha washa kimoja kimoja. Kitakachoiunguza fyuzi ndicho chenye kosa.

Jambo moja linahitaji uangalifu wa pekee. Baadhi ya bodi za zamani sana zina fyuzi mbili kwa kila saketi: moja ya laivu na moja ya nyutro. Fyuzi ya nyutro ikiungua peke yake, taa inazima na kila kitu kinaonekana kimekufa, lakini laivu bado imefika hadi kwenye holda. Mtu akipanda kiti kubadili glopu anapigwa. Ukikuta vishikio vya nyutro, nyumba hiyo ni ya kwanza kwenye foleni ya kubadilishwa bodi, na hadi siku hiyo kila kazi ifanyike meni swichi ikiwa imezimwa, bila kuamini kishikio kilichochomolewa.

Erthi, mahali ambapo mchanga wetu unatudanganya

Tuseme jokofu la chuma limepata hitilafu na laivu imegusa mwili wake. Erthi ipo: fimbo ya shaba nje ya dirisha la jiko, kwenye mchanga mkavu wa Mtwara au juu ya uwanda wa Newala. Fimbo moja kwenye mchanga mkavu inaweza kuwa na ukinzani wa omu 60 na zaidi. Gawanya volti 230 kwa 60: zinapita ampea 3.8. Fyuzi ya ampea 30 haina habari, breka ya ampea 20 haina habari. Mwili wa jokofu unabaki na umeme, na mtoto mwenye miguu mitupu yuko jikoni. Hata ukishusha ukinzani hadi omu 10, ni ampea 23 tu, ambazo fyuzi ya 30 itazibeba milele.

Wakati huohuo LUKU inakula. Ampea 3.8 kwa volti 230 ni takriban wati 880, yaani uniti 21 kwa siku zinazomwagika mchangani. Kwa hiyo uniti zikipotea bila maelezo, kabla hujailaumu mita, zima breka au toa fyuzi za saketi zote moja moja na utazame taa ya mita.

Kitu kinachomwokoa mtu hapa ni RCCB ya miliampea 30. Kifaa hiki hulinganisha umeme unaokwenda kwenye laivu na unaorudi kwenye nyutro. Ikipotea miliampea 30, kinakata ndani ya sehemu ya tatu ya sekunde au chini ya hapo. Kinahitaji erthi, lakini si erthi ya ajabu, maana hata fimbo ya omu 100 inakitosha. Soma maandishi usoni mwake: iwe 30 mA kwa ajili ya watu, na ampea 40 au 63 kulingana na meni swichi. Zile za 100 au 300 mA ni za kuzuia moto tu. Kama bodi yako ina kifaa cha zamani kinachopitisha waya wa erthi ndani yake, kikiwa na skrubu mbili za erthi, hicho ni cha mfumo uliokwisha kuachwa. Kikishapata njia nyingine ya erthi pembeni, kwa mfano bomba la maji, kinapofuka. Kiondolewe.

Fimbo nayo ina kanuni. Tumia ya chuma iliyopakwa shaba, kipenyo cha milimita 16, urefu wa mita 1.5 kwa fimbo moja, na kwenye mchanga bora uunganishe mbili ili zishuke mita 3 hadi zikute unyevu. Iweke mahali panapobaki na unyevu kiangazi chote: karibu na maji ya bafu yanapotoka, au chini ya bomba la nje, si chini ya upenu usiofikiwa na mvua. Mikindani na baadhi ya maeneo ya Lindi mjini utagonga jiwe la matumbawe kwa nusu mita. Usiikate fimbo na kujifanya imeingia. Chimba mtaro wa kina cha nusu mita hadi mita moja, laza waya wa shaba ulio uchi wa mita kumi na zaidi, na ufukie kwa udongo wa mfinyanzi au wa bustani badala ya kokoto. Fimbo mbili zikipigwa, ziachane angalau kwa urefu wa fimbo moja, maana zikikaribiana zinagawana udongo uleule na hupati faida.

Desturi ya kumwaga chumvi na mkaa kwenye shimo la erthi inashusha ukinzani kwa muda, kisha mvua ya masika inaiosha chumvi, na inayobaki inaila shaba na klempu. Ukanda huu wa bahari hauna upungufu wa chumvi. Tumia udongo mzuri na kina.

Waya wa kuunganisha fimbo na bodi uwe wa shaba, angalau 6 mm², na 10 mm² ni bora zaidi, wenye kijani na njano, uliofungwa kwa klempu ya shaba nyeupe ndani ya kishimo kidogo chenye mfuniko ili uweze kukaguliwa. Usiunganishe shaba na alumini moja kwa moja. Kwa hewa ya bahari ya Shangani, Mtwara, kiungo hicho kinakuwa unga mweupe baada ya misimu michache. Na kama nyumba yako ilitumia mabomba ya chuma yenyewe kama erthi, chukulia kwamba erthi hiyo haipo. Kutu ya chumvi hukata mabomba kwenye viungo, na kwa nje huoni kitu. Pitisha waya wa erthi mpya ndani ya kila bomba.

Kuchagua na kununua waya mpya

Kwa nyumba ya kawaida: 1.5 mm² kwa taa na breka ya ampea 6, 2.5 mm² kwa soketi na breka ya 16 au 20. 4 mm² kwa kiyoyozi. 6 mm² kwa jiko au hita ya kuogea na breka ya 32. 10 au 16 mm² kutoka kwenye mita hadi kwenye bodi.

Tumeandika "16 au 20" kwa makusudi. Waya wa 2.5 mm² ndani ya bomba ukutani hubeba takriban ampea 24 kwenye hewa ya nyuzi 30. Juu ya dari, chini ya bati, saa nane mchana, hewa inaweza kufika nyuzi 50, na uwezo unashuka hadi asilimia 71: ampea 17. Kama nyaya zako zinapita darini chini ya bati, na nyingi zinapita humo, weka breka ya 16. Ukitaka 20, panda hadi 4 mm².

Dukani usinunue kwa kuangalia maandishi peke yake. Omba kipande kifupi, kivue. Waya halisi wa 2.5 mm² wa nyuzi saba una kila uzi wa milimita 0.67, wa uzi mmoja una milimita 1.78. Kwa 1.5 mm², nyuzi saba za milimita 0.53, au uzi mmoja wa 1.38. Fundi makini ana kalipa (kipimo cha unene) mfukoni. Kisha kwangua uzi kwa kisu: ukitokea weupe chini ya wekundu, ni alumini iliyopakwa shaba. Mwachie mwenye duka. Alama ya TBS iwepo kwenye waya wenyewe, siyo kwenye karatasi ya rola pekee.

Kuhusu mabomba: nyumba za kuta za mawe na chokaa za Mikindani zina unyevu wenye chumvi ndani ya ukuta, hivyo tindua na uweke bomba la plastiki na maboksi ya plastiki, kamwe si ya bati. Soketi za nje ziwe za kuzuia maji. Darini, panya na mchwa wanahitaji bomba lisilo na mwanya, na kila kiungo kiwe ndani ya boksi lenye mfuniko na konekta za skrubu. Kiungo cha kusokota na kufunga seloteipu hakikubaliki popote, hata kwa muda.

Bodi mpya

Nyumba ya sebule, vyumba vitatu, jiko na pampu inahitaji bodi ya nafasi kumi na mbili hivi, si ya sita. Swichi kuu ya nguzo mbili ya ampea 63, inayokata laivu na nyutro pamoja. RCCB mbili za 30 mA badala ya moja, ili mvuke wa mvua kwenye soketi ya nje usizime nyumba nzima usiku: weka taa za mbele na soketi za nyuma kwenye moja, taa za nyuma na soketi za mbele kwenye nyingine. Kusiwe na saketi hata moja iliyo nje ya RCCB, kwa sababu zile ampea 3.8 tulizozihesabu kwenye erthi haziwezi kukatwa na breka.

Breka zina herufi. B hukata mara moja shoti ikifika mara tatu hadi tano ya namba yake. C, mara tano hadi kumi. Nyumba iliyo mwisho wa laini ndefu haipati umeme mwingi wakati wa shoti, kwa hiyo B ndiyo inayofaa kwa taa na soketi. C iwekwe kwa pampu na kiyoyozi, ambavyo huvuta sana vinapoanza.

Boksi likishafungwa kwenye nyumba kongwe, RCCB mara nyingi inakataa kusimama. Hapo ndipo kazi nyingi huharibika: fundi anasema "hii RCCB mbovu", anaipita kwa waya, na mwenye nyumba hajui. Haikuwa mbovu. Sababu zake ni hizi. Nyutro na erthi zimegusana mahali fulani, mara nyingi nyuma ya soketi ambako skrubu imebana waya. Au nyutro ya kuazima: taa ya ukumbini inachukua laivu kutoka saketi moja na kurudisha kwenye nyutro ya nyingine, jambo ambalo fyuzi haikulijali kwa miaka arobaini. Au nyutro za RCCB mbili zimechanganywa kwenye baa moja (kipande cha chuma ndani ya bodi kinachokusanya nyutro). Au waya wa zamani kweli umechakaa.

Namna ya kutafuta: zima breka zote. Kama RCCB bado inaanguka, kosa liko kwenye nyutro, kwa sababu breka ya nguzo moja hukata laivu tu na nyutro inabaki imeunganishwa. Katika hali hiyo umeme uzimwe, nyutro zitolewe kwenye baa moja moja, na kila moja ipimwe na erthi. Kama inasimama breka zikiwa zimezimwa, washa moja moja hadi ianguke.

Kabla ya yote hayo, kila saketi iliyobakizwa ipimwe kwa mega (kifaa cha kupima uzima wa ganda la waya) ya volti 500 za DC, glopu zimetolewa, vifaa vyote vimechomolewa, swichi za taa zimewashwa. Laivu na nyutro, laivu na erthi, nyutro na erthi. Chini ya megaomu 1 saketi haipiti. Multimita ya kawaida haiwezi kufanya kipimo hiki, kwa kuwa betri yake ndogo haiusukumi mpira uliochoka hadi ukakiri. Fundi asiyekuwa na mega hawezi kukuambia kwamba waya wako wa zamani ni mzima.

Soketi za mzunguko, zile ambazo waya unatoka kwenye bodi na kurudi, zipimwe pia kama mzunguko haujakatika. Toa ncha mbili za laivu kwenye bodi na upime kati yake: mita 50 za 2.5 mm² hutoa takriban omu 0.4. Ukipata mita haisomi kitu, mzunguko umekatika, soketi zote zinafanya kazi kama kawaida, na waya wa 2.5 unabeba mzigo wa ampea 30 peke yake. Usitafute pengo kama hutaki. Zifanye saketi mbili tofauti zenye breka ya 16 kila moja.

Fedha zikiwa za mafungu

Msimu wa korosho ndio unaolipia kazi nyingi za nyumba huku kusini, na si kila msimu unatosha. Fungu la kwanza: erthi na RCCB. Hata juu ya bodi ya kauri, fundi anaweza kuifunga RCCB kwenye boksi lake kati ya meni swichi na bodi. Fungu la pili: saketi ya jiko na ya hita, zenye mzigo mkubwa. La tatu: soketi zilizobaki pamoja na bodi mpya. Taa zije mwisho, kwani kwa glopu za LED mzigo wake ni mdogo. Ila ukikuta waya wa mpira, taa hupanda hadi fungu la pili, maana holda zilizo juu ndizo zilizoupika mpira zaidi.

Kazi ikiisha, mlangoni mwa bodi pabandikwe karatasi ya kila breka na vyumba vyake, tarehe, na vipimo vya mega na erthi kwa namba. Kitufe cha T kwenye RCCB kibonyezwe kila baada ya miezi mitatu. Kisipokata, RCCB ibadilishwe wiki hiyohiyo. Na fimbo ya erthi ipimwe mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, mchanga ukiwa mkavu kuliko wakati wowote. Kipimo cha Februari, mchanga ukiwa umelowa, kitakupa namba nzuri ambayo kiangazi hutakuwa nayo.